Mzigo wa Kurudi Nyumbani

Asubuhi ya nne ya likizo yake, Maisara alikuwa akikunja nguo za kugawa pale mama yake alipoingia bila hodi, akachomoa koti la sufu.

"Hili tunakwenda nalo mwakani, tukirudi nyumbani."

"Koti la theluji, mama? Unguja?"

"Hebu niondolee kejeli zako!" Mama alicheka, akalisindilia kwenye mfuko mmoja wa safari. Alikuwa akisema mwakani kwa mwaka wa tisa sasa, na mifuko ilikuwa imeziba dirisha lote, hata taa ya chumbani iliwaka mchana kutwa.

"Niwekee kidole hapa, nifunge."

Maisara aliweka kidole juu ya kamba. Mama alivuta fundo, likakibana mpaka ncha ikafa ganzi.

"Mama," alisema, bila kukitoa, "nyinyi rudini salama. Mimi nabaki Birmingham."