Punje Laini

Waziri alikuwa mbele ya kamera, tayari kutangaza kwamba mavuno yamezidi na mahindi yauzwe nje. Pembeni yake alisimama mkurugenzi wa utafiti, mama aliyempa makadirio hayo. Kwa mazoea mama huyo aliokota punje ya mahindi kwenye kapu la sampuli, akaing'ata.

Meno yakazama.

"Mliyapima yakiwa mabichi hivi?" alimnong'oneza msaidizi wake.

"Ndiyo, mama. Ulisema tuwahi, hatukungoja yakauke."

Kumbe walikuwa wamepima uzito wa maji. Yakikauka, hayatatosha hata kulisha nchi.

"Mheshimiwa, subiri kidogo."

"Dada, usinivue nguo mbele za watu," waziri alinong'ona, huku akitabasamu.

"Hesabu nimekosea mimi," mama alisema kwa sauti, na kamera zote zikamgeukia.