Barua za Mhariri wa Mkia

Aliya alipofungua mkoba na kutoa barua, Bakhita alitamani umeme wa mkahawa ukatike papo hapo.

Haukukatika. Ukumbi wa juu wa mkahawa ule wa Hamriya, mjini Maskati, ulijaa watu thelathini na kitu, na wengi wao walikuja na mikia. Mmoja kavaa masikio ya sungura, mwengine pua ya mbweha, na Douglas, mpishi Mkenya, alikuwa na mkia wa fisi uliokuwa kila mara ukiingia kwenye sahani ya jirani yake. Wote walikuja Ijumaa ile kumsherehekea mtu mmoja, naye ni Marhoon, mume wa Bakhita, aliyekaa mbele na kanzu yake na kofia ya kila siku, bila mkia wala masikio.

Marhoon alikuwa mpenzi wa wanyama wa hadithi tangu utoto. Kwao Tanga alikuwa akichora punda waliovaa kanzu na kunguru wanaogombea bei sokoni. Alipokuja Maskati na kupata kazi ya serikali hakuacha. Mwaka 1991 alianzisha gazeti dogo, kurasa ishirini za fotokopi, la hadithi za wanyama wanaoishi kama watu. Aliliita Mkia. Ndugu zake walimcheka. Mtu mzima, mkuu wa idara, anakaa kujadili kama kima anaweza kuwa kadhi! Yeye akawajibu kuwa anaweza, mradi abaki kima.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja yake. Kila aliyemletea hadithi, ichapwe isichapwe, alipata barua ya kumwambia mnyama wake amefaulu wapi na ameharibika wapi. Marhoon alisema, Bakhita akapiga taipu, maana ndiye aliyesomea ukarani.

Na ulimi wa Marhoon ulikuwa pilipili.

"Andika," alisema siku ilipofika hadithi ya kwanza ya Aliya. "Huyu si sungura. Huyu ni shangazi yako umemvisha masikio. Mrudishe kwao."

Aliya wakati huo alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, kwao Bawshar. Bakhita akamwona akilini akiifungua bahasha mbele ya wenzake. Vidole vyake vikaandika vyenyewe: *Sungura wako ana moyo mzuri. Tunangoja kwa hamu kumjua zaidi.*

Marhoon alitia sahihi bila hata kuvaa miwani, akaitia barua mfukoni. Posta alikwenda mwenyewe siku zote. Alisema ananyoosha miguu.

Basi ukawa ndio mtindo. Miaka kumi na tatu mmoja alimwaga pilipili na mwenzake akatia sukari. "Takataka" ikawa "ina nafasi ya kukua." "Aache kalamu akauze samaki Sidab" ikawa "usikate tamaa." Mwanzoni Bakhita alikuwa akikosa raha, maana hakuzoea kumficha mumewe kitu. Lakini aliona matunda. Hakuna mwandishi aliyekimbia. Walizidi, wakaanza kuandika hata kutoka Doha na Mombasa, na kila mwaka hadithi zao zilikuwa nzuri kuliko za mwaka uliopita. Kimya kimya alijisifu kwamba bila yeye Mkia ungekufa zamani.

Mara moja tu alishangaa. Douglas alipiga simu nyumbani.

"Mama, mwambie Mzee ile hadithi nimeiandika upya yote, vile alisema."

"Alisema nini?" Bakhita aliuliza. Yeye alikuwa amemwandikia hongera tu.

Douglas akacheka. "Si unajua, mama. Na wewe pia asante sana."

Bakhita akadhani Kiswahili cha Kenya kimempita pembeni.

Sasa Aliya, mwalimu mwenye miaka yake ishirini na tisa, alikuwa ametoa shauri kwamba baada ya chakula kila mtu asome mbele ya watu barua ya kwanza aliyoletewa na Ami Marhoon. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Bakhita peke yake hakupiga. Mumewe alikuwa karibu kusikia, mbele ya watu wote hawa, maneno matamu ambayo hajayasema maishani mwake.

Akamwinamia. "Baba Fajr, twende zetu. Kichwa chaniuma."

"Kunywa maji," alisema Marhoon. "Nnataka kusikia nilichoandika."

"Nna jambo la kukwambia kwanza."

"Utanambia garini."

"Si la garini. Zile barua, mume wangu, mimi..."

Marhoon alimpigapiga mkono taratibu, macho yake mbele. Aliya alikuwa ameshasimama na kukohoa kidogo. Akaikunjua karatasi, na Bakhita, aliyekaa hatua tatu tu kutoka pale, akaona kitu ambacho hakukielewa. Haikuwa taipu. Ilikuwa karatasi ya mistari, imejaa pande zote mbili kwa kalamu ya wino.

Aliya akaanza kusoma. Hata hajamaliza sentensi ya kwanza, sungura wakaidaka, mbweha wakaidaka, Douglas na mkia wake wa fisi akaidaka, wote wakiitamka kwa ghibu kama watu wenye barua moja, na wote wamemgeukia Bakhita:

"Hii ni barua ya pili. Ya kwanza kaiandika mke wangu, nami nimeiweka kabatini, maana katika hadithi zote za kubuni nilizoletewa mwezi huu, ile ndiyo bora."