Sauti za Waliopona

Alikuwepo, na bado yupo, Bi Nungu, nungunungu mkongwe anayesumbuliwa na magoti. Akasikia kwamba Chatu anatibu wazee pangoni mwake, bila foleni kama ile ya kwa Kanga, mganga wa kijiji. Akajikongoja hadi huko.

“Usiogope, bibi,” Chatu akasema kutoka gizani. “Waulize niliowatibu.”

Ikaja sauti ya Mzee Pimbi, jirani yake wa miaka mingi. “Nimepona kabisa. Karibu ndani.”

Bi Nungu akafurahi, akainamisha kichwa. “Shikamoo, Mzee Pimbi.”

“Nimepona kabisa. Karibu ndani.”

Akasita. Pimbi hakuwa mtu wa kuacha shikamoo ianguke chini. Hata akiwa na homa ataitikia marahaba kwanza. Akarudia, “Shikamoo, mzee wangu. Ni mimi, Nungu. Magoti yananiua.”

“Nimepona kabisa. Karibu ndani.”

Ndipo alipomwona Kasuku juu ya mlango wa pango, mdomo ukifunguka na kufungika. Chini yake, tumbo la Chatu lilikuwa limetuna.

Bi Nungu akarudi kinyumenyume, miiba imemsimama. Hakufika mbali akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka pangoni: “Nimepona kabisa. Karibu ndani.”

Foleni ya kwa Kanga ikangoja. Kutwa nzima alikaa kwenye njia ya pangoni, na kila mzee aliyepita akaisikia sauti ile ya pangoni, akamuuliza, “Bi Nungu, ni nani huyo aliyepona?”

“Ni mimi,” akajibu, akainuka kwa tabu, akachechemea mbele ya macho yao.