Zamu ya Lango

Gurudumu la gari la maiti lilikwama kwenye nguzo ya lango jipya la makaburi, chini ya tao lililochongwa mienge iliyopinduliwa. Elspeth akatazama nyuma. Msiba mwingine ulikuwa ukipanda kilima mbio.

Kwao Uskoti, watu huamini kwamba maiti anayeingia makaburini mwisho hulinda lango peke yake mpaka aje mwingine. Binti yake aliyekuwa jenezani alikuwa na miaka minne, na giza alikuwa akiliogopa.

"Sukumeni! Mmeshiba uji au maji?" akawafokea wachukuzi wa jeneza.

"Tao lenyewe jembamba, mama!" mmoja wao akajibu.

Elspeth akalitoa jeneza garini, akalikumbatia, akakimbilia langoni.

"Dada, nipishe!" mwanamume akalia nyuma yake. "Nakuomba!"

Akageuka, mguu mmoja umeshavuka. Mwanamume yule alikuwa amebeba jeneza dogo zaidi kwapani, kama mkate.