Kombe la Sichana

Ukuta wa jikoni ulianguka Ijumaa adhuhuri, wanaume wote wako msikitini, na hilo ndilo lililowaponya. Tabia alikuwa ndiyo kwanza akae kitako. Alikuwa ameshafua, ameshachota maji, ameshakuna nazi.

"Nshachoka mie," alisema, na kabla hajanyoosha mguu mawe yakamwagika uani.

Hakuna aliyemtazama Tabia. Wote walimgeukia mdogo wake, Sichana, msichana wa miaka kumi na minne, aliyesimama mlangoni na ndoo huku machozi yanamtoka.

"Nani kamkasirisha huyu mtoto?" Ami Kificho aliuliza aliporudi.

Alikuja bwana mmoja wa serikali, akagonga mawe kwa fimbo, akasema ni masika, chokaa imelowa. Watu wa nyumba ile ya mtaa wa Malindi walimpa kahawa, wakamwitikia naam, naam, wakangoja aondoke zake. Masika huja kila mwaka. Wao walijua walichonacho ndani.

Sichana alizaliwa na kitu. Siku hiyo mama yao alifariki kwa uzazi, na dari ya ukumbini ikaporomoka. Tabia wakati huo alikuwa na miaka kumi, tangu asubuhi anapanda na kushuka ngazi na sufuria za maji ya moto, hata akawa anasinzia amesimama. Mkunga alimweka kichanga mapajani. "Huyu kaja na kitu chake," alisema. "Mshike vizuri." Tabia akamshika, na hakutokea mtu wa kumwambia amwachie.

Wakawa chanda na pete. Tabia akienda sokoni Darajani, Sichana yumo mgongoni. Akipumzika kwenye baraza ya watu, baraza inapasuka, na mwenye baraza anamkodolea mtoto macho. Pahala pamoja tu palisalimika, napo ni chuoni kwa Mwalimu Gharib, ambako Sichana alikwenda peke yake. Hapo hakikupata kupasuka hata kibao cha kuandikia. Mwalimu alisema ni baraka ya Kur'ani, na nani atabishana na hilo?

Mwalimu ndiye aliyemwandikia kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Utotoni Sichana alikuwa hanywi mpaka dada yake aanze. "Onja wewe kwanza," hulia, na Tabia, kwa kutaka tu yaishe, hupiga nusu nzima. Miaka ile nyumba ilitulia, hata sahani haikuvunjika. Mtoto alipopata akili Ami Kificho akasema dawa ya mtu haigawanywi, anywe yote mwenyewe. Akanywa yote. Kuta zikaanza tena, safari hii mbaya zaidi.

"Kitu kinakua pamoja naye," wakasema.

Baada ya ukuta wa jikoni, ami alikata shauri. Sichana atakaa Mbweni kwa mjane mmoja, Bi Mashavu, kwenye banda la makuti, maana kuti likianguka haliui mtu. Na Tabia aolewe. Miraji, hamali wa bandarini, alikuwa amemngoja mpaka wenzake wamechoka kumcheka.

"Siwezi kumwacha, Ami."

"Utamwacha. Au utatuzika sote."

Tabia alilia njia nzima ya Mbweni. Kilichomuuma zaidi ni kwamba, chini ya kilio chote kile, alikuwa na furaha. Alitamani kitanda chake, mlango wake, siku moja tu ya kutomchunga mtu. Alijichukia kwa hilo, na bado alitamani.

Sichana hakulia. Alikaa mkekani, akafungua chupa ya kombe, akamnyooshea dada yake.

"Onja wewe kwanza, Dada. Kama zamani."

Tabia alicheka huku anajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Dawa yako hiyo, mwanangu. Mie siumwi."

Sichana akanywa yote.

Habari zilizotoka Mbweni zilikuwa njema tupu. Hata kuti halijatikisika, Bi Mashavu aliagiza, na mtoto anakula vizuri. Mwalimu Gharib akapita Malindi nzima kidevu juu.

Harusi ilifanywa upesi, watu wasije wakabadili nia, na Sichana akaachwa hukohuko Mbweni. Tabia hakukaa kitako. Bibi harusi hafanyi kazi, lakini mikono yake haikulijua hilo, na hata siku yenyewe alikutwa alfajiri anasugua sufuria. Somo wake, Bi Mwanakheri, aliyemfunda mambo ya unyumba, alimfukuza jikoni kwa upawa.

Alasiri ghorofa ya juu ilijaa wanawake, vigelegele juu ya vigelegele. Watoto walizagaa kwenye ngazi. Chini barazani Miraji alikaa na wanaume, anajaribu kununa kama inavyompasa bwana harusi, na anashindwa.

Bi Mwanakheri alimkalisha Tabia kitandani, akamwekea mito mgongoni.

"Egemea, mwanangu. Leo huna mtoto, huna ndoo. Umebeba ya watu maisha yako yote. Hebu tua."

Tabia aliegemea. Alisikia vicheko ukumbini, na miguu ya watoto inapanda na kushuka, na kwa mara ya kwanza hakuna hata mmoja anayepaswa kumchunga. Miaka yote ile ikamshukia mabegani kwa pamoja. Akafumba macho.

"Nshachoka, somo," alisema. "Wallahi nshachoka mie."

Kitu chepesi kikamdondokea kiganjani, juu ya hina. Akafumbua macho. Ilikuwa chokaa ya dari.