Chombo cha Saa ya Sala

Baragumu la sala ya jioni lilikuwa limeshalia, kijiji kizima kimetulia ndani, na Fuatino ameketi mkekani na simu chini ya paja.

Alichungulia. Kituo chake cha angani, jasho la miezi mitatu kwenye mchezo ule, kilikuwa kinavamiwa tena. Adui huyo asiyejulikana huja saa hii hii, kana kwamba anajua Fuatino amefungwa mikono.

Mafuta ya kituo yalitosha kurusha chombo kimoja tu. Manowari ingemtwanga. Kile kidogo cha upelelezi kingemfuata hadi maficho yake na kumlizia king'ora kwenye simu ya huyo adui mwenyewe.

"Tulia, wewe," mama akanong'ona. "Umekalia siafu?"

Baba, macho kayafumba, alikuwa bado anaomba. Leo alikwisha kuwaombea wagonjwa, wasafiri, hata nguruwe.

Fuatino akaipita manowari, akabonyeza kile kidogo.

"Na utujalie uaminifu humu nyumbani, Bwana," baba akaendelea, "na utuepushe na—"

King'ora kikalia chini ya paja la baba.

Akafumbua jicho moja.

"Amina," akasema.