Chokaa ya Bafu la Lalla Batuli

Fundi alipoingia na ndoo zake mbili za chokaa, Ibtisam alimkaribisha kama mtu asiyemjua.

"Karibu, fundi. Bafu liko kule nyuma."

"Asante, Bi Mhandisi," mzee akajibu, akapita.

Ijumaa iliyotangulia wawili hao walikuwa wamekula kuskusi kwenye sinia moja. Mzee Bushaib alikuwa baba yake mzazi.

Ibtisam alikuwa mhandisi mbunifu wa nyumba, na ofisi yake mwenyewe mjini Marakeshi ilikuwa na mwaka mmoja tu. Alipokuwa akisoma Kasablanka aliwaambia wenzake kwamba baba yake ni mfanyabiashara wa marumaru. Uongo ule ukamfuata hadi kwenye kazi yake ya kwanza. Siku moja mzee alimpelekea mkate uliookwa na mama yake, suruali imejaa chokaa, na mfanyakazi mwenzake akamuuliza yule ni nani. Akajibu kwamba ni fundi tu, amemwagiza. Baba alikuwa bado hajatoka mlangoni. Hakugeuka, wala hakulitaja jambo lile hata mara moja.

Kisha akaja Lalla Batuli, mjane mwenye nyumba kubwa ya kale, aliyetaka bafu jipya. Alimpigia simu mwenyewe. Ibtisam akafurahi kwamba jina lake limeanza kusikika mjini.

Walikaa uani asubuhi nzima, sampuli zimetandazwa mezani. Sakafu walikubaliana haraka: jiwe la kijivu lisilong'arishwa, mguu wenye maji usiteleze. Mabomba yawe ya shaba tupu, yaachwe yazeeke yenyewe. Walipofika kwenye kuta, Ibtisam akatoa vigae vya Italia. Lalla akavisogeza pembeni kwa kidole kimoja.

"Mwanangu, mimi nataka tadelakti," akasema. "Rangi ya ganda la komamanga."

Tadelakti ni lipu ya chokaa inayosuguliwa kwa jiwe laini na kupakwa sabuni nyeusi, mpaka ukuta unang'aa na haunywi maji. Ibtisam alijaribu kumgeuza. Alisema inachukua muda mrefu, akasema mafundi wa kweli wamekwisha. Lakini aliijua vizuri nyumba anayoishi fundi bora kuliko wote, maana ndiko alikozaliwa. Mwishowe akasema yupo mzee mmoja, anaitwa Bushaib.

Lalla alikunywa chai yake taratibu. "Huyo atafaa," akasema.

Alasiri ile Ibtisam alikwenda kwao. Alimwambia baba kwamba amempatia kazi nzuri, ila wakiwa pale wajifanye hawajuani, kwani wateja wa aina ile hawapendi mambo ya undugu kazini. Mama yake aliacha kumenya karoti, akamtazama. Mzee alisema sawa tu, kisha akauliza kuta zina urefu gani.

Kazi ilichukua siku tisa. Ibtisam alifika kila asubuhi na michoro yake, akaelekeza mambo ambayo baba yake aliyajua kabla yeye hajazaliwa. Mzee aliitikia "ndiyo, Bi Mhandisi" na kuendelea kusugua.

Siku ya sita alikuja wifi yake Lalla, mwanamke wa manukato mengi na maneno makali. Alimkuta mzee amesimama jikoni anakunywa maji.

"Siku hizi mafundi wananyweshwa kwa gilasi za wageni?" akasema. Akamgeukia Ibtisam. "Wewe si ndiye msimamizi? Mfunze adabu mtu wako."

Ibtisam aliitazama mikono iliyoshika ile gilasi. Chokaa ilikuwa imeila hadi kucha zimepoteza umbo. Mikono hiyo ndiyo iliyomsomesha. Alifungua mdomo amjibu yule mwanamke, na kilichotoka kikawa kingine.

"Fundi, kesho uje na kikombe chako."

"Samahani, Bi Mhandisi."

Mzee aliisuuza gilasi, akaikausha kwa pindo la shati, akairudisha mahali pake kwa mikono miwili. Ibtisam akatoka hadi kwenye gari lake, akakaa bila kuwasha injini. Uso ulimwaka kama aliyezabwa kibao mbele ya halaiki. Alijiambia kwamba kesho atamwomba radhi.

Kesho yake baba alikuja na kikombe cha bati kutoka nyumbani, akakiweka karibu na ndoo zake. Ibtisam akakipita, akafungua michoro yake.

Siku ya tisa sabuni ya mwisho ilikauka. Mzee akakusanya mawe na miko yake, akaaga, akaondoka kwa miguu. Lalla Batuli aliingia bafuni, akapitisha kiganja ukutani, macho ameyafumba. Ibtisam alisimama nyuma yake.

"Lalla, nimekuficha jambo. Yule fundi..."

"Ngoja nianze mimi," Lalla akamkatiza, "langu ni la zamani zaidi. Aliniapisha nisilitoe mpaka kazi iishe."

Akamweleza kwamba Bushaib amekuwa akitengeneza kuta za nyumba ile kwa miaka ishirini. Aliposikia kuna bafu la kujengwa, alimfuata na simu yake imejaa picha za kazi za Ibtisam, akasema hatagusa chokaa mpaka michoro apewe binti yule. Na asiambiwe nani aliyemtaja.

"Alivyokuwa akikusifu, nikamuuliza kama wewe ni mwanawe," Lalla akasema. "Akacheka. Akaniambia, 'Hapana, Lalla. Ningekuwa na binti kama huyo, unadhani ningenyamaza?'"